Maswali kwa Daktari wa Mifugo: Homa isiyokwisha na mbuzi waliotupa mimba

Safari hii barua nyingi zimetoka Lindi na Mtwara, na nyingi zinazunguka jambo moja hata pale mwandishi mwenyewe hakulitambua: ugonjwa uliotoka bandani, ukaingia mwilini mwa mtu, ukagoma kutoka. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu mgonjwa bado anaumwa, na ningependa jibu lake lisomwe kwa sauti pale nyumbani.

Shikamoo daktari. Naandika kwa niaba ya mume wangu. Tulipoanza kukata ufuta mwezi wa sita alishikwa na homa, tukadhani malaria. Zahanati wakapima, hakuna wadudu, wakampa dawa za taifodi. Akapata nafuu kidogo, ikarudi. Sasa tunaokota korosho na bado anaumwa. Mchana anajikaza, jioni homa inapanda, usiku jasho linalowanisha shuka mpaka godoro. Asubuhi kiuno kimekaza, hawezi kuinama kuvaa viatu. Amekonda. Mwezi uliopita korodani moja ilivimba na inauma. Watu wanasema busha, wengine ngiri, mama mkwe anasema kuna mkono wa mtu. Dawa za taifodi ameshapewa mara tatu, na za UTI pia. Jirani anasema huenda ni ile homa ya mgunda ya Ruangwa, ya mkojo wa panya. Tunafuga mbuzi, masika wawili walitupa mimba na yeye ndiye aliyewasaidia. Maziwa tunakamua kidogo kwa ajili ya watoto. Tufanyeje?
*Mama Zuhura, Nachingwea*

Marahaba, Mama Zuhura, na pole sana kwa kuuguza. Habari ya mbuzi na habari ya maziwa umeziweka mwisho, kama nyongeza. Kwangu mimi hizo ndizo barua yenyewe. Naomba zikifika hospitali ziwe za kwanza kutamkwa.

Mimi natibu mifugo. Siwezi kusema mumeo anaumwa nini kwa kusoma barua. Lakini mtu mwenye homa ya jioni ya miezi kadhaa, jasho la usiku, kiuno kinachokaza na korodani inayouma, na ambaye alishika mbuzi waliotupa mimba, anatakiwa apimwe brusela kabla hajapewa dozi nyingine ya taifodi. Huo ndio ugonjwa ambao sisi wa mifugo tunauita ugonjwa wa kutupa mimba. Mbuzi jike huutupa mzigo wake mimba ikiwa imeshakuwa kubwa, kisha kwa macho anapona. Ananenepa, anapandwa tena, pengine mimba ya pili anaizaa salama. Na muda wote huo anatoa bakteria kwenye maziwa, na kwa wingi zaidi kwenye majimaji na kondo la nyuma siku ya kuzaa.

Huko kuonekana mzima ndiko kunakotuponza, na si sisi wa kwanza. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, aliwapata bakteria hawa kwenye bandama za askari waliokufa kwa homa katika kisiwa cha Malta. Chanzo kilikuwa hakijulikani. Ikapita miaka mpaka 1905, ndipo daktari wa Kimalta, Themistocles Zammit, alipopima damu ya mbuzi wa kisiwani, mbuzi wenye afya kwa kuwatazama, akakuta wameambukizwa. Mwaka 1906 askari wakazuiwa kunywa maziwa ya mbuzi, na homa kambini ikaporomoka.

Sasa kwa nini inakaa mwilini muda mrefu hivi? Bakteria wengi wakiingia mwilini, chembe nyeupe za damu huwameza na kuwasaga. Brusela nao humezwa, lakini hawasagiki. Ndani ya chembe iliyowameza wanazuia ule mfuko wa kuwasagia usifanye kazi yake, wanatulia humo humo na kuzaliana. Ni mwizi aliyejificha nyumbani kwa polisi. Chembe ile inatembea na damu, inawabeba hadi kwenye bandama, ini, uboho wa mifupa na tezi. Kutoka huko wanatoka kwa vipindi, homa inapanda, wanarudi mafichoni, homa inashuka. Ndiyo maana mumeo anapata nafuu halafu anaanguka tena. Wakipenda mahali fulani wanaweka makao: maungio ya kiuno na nyonga, pingili za mgongo, korodani. Kwa wachache wanakaa kwenye vali za moyo, ile milango midogo inayopitisha damu, na hapo ndipo ugonjwa huu unapoua. Tangu siku ya kushika kitu chenye bakteria mpaka homa ya kwanza, mara nyingi ni wiki 2 hadi 4, lakini inaweza kufika miezi. Masika mpaka ufuta hesabu inaingia.

Dawa za taifodi alizopewa zilimpa nafuu ya muda, kisha ugonjwa ukarudi, jambo la kawaida kwa brusela anapopewa dawa isiyomfikia mafichoni au ya siku chache. Silaumu zahanati. Mikoa yetu malaria ipo kweli, na kumpima malaria kwanza ni sawa. Ila kipimo kikishasema hakuna, tena na tena, tugeuke tutazame kwingine. Huko Moshi watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kati ya 2007 na 2008. Waliodhaniwa kuwa na malaria walikuwa 528. Waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Na 118 walikutwa na magonjwa ya bakteria watokao kwa wanyama, brusela ikiwamo. Kwetu malaria ni nyingi kuliko Moshi, hizo namba siwezi kuzihamishia Nachingwea zilivyo. Lakini swali la mifugo lina haki ya kuulizwa huku pia, na huku haliulizwi. Wazee wa Lindi hawakukulia kwenye ng'ombe, mbung'o hakuwaruhusu. Makundi makubwa ya ng'ombe yameingia hasa tangu 2006 na 2007, wafugaji walipohamishwa kutoka Usangu na Ihefu. Leo maziwa mabichi yanauzwa kwenye chupa barabarani Kilwa, Nachingwea mpaka Liwale, na bado mtu akiugua tunaulizana habari za mbu tu.

Kuhusu korodani. Watu wakisema busha nawaelewa, matende na mabusha yamewatesa watu wa pwani hii vizazi na vizazi. Lakini busha kwa kawaida hujaa maji polepole, kwa miezi na miaka, na haliumi sana wala halileti homa ya kila jioni. Korodani iliyovimba ghafla, ina joto na inauma, pamoja na homa, ni jambo lingine na inahitaji daktari aishike na kuitazama wiki hii, wala asingoje kambi ya upasuaji wa mabusha. Mwambie mumeo asione haya. Wanaume wengi huyaficha haya mpaka uzazi unaharibika.

Mama mkwe naye umheshimu, anatafuta sababu ya mwanawe kuteseka. Mwambie sababu huenda tumeiona, na inapimika.

Mkifika hospitali, nendeni kubwa, Sokoine pale Lindi au Ndanda au hospitali yenu ya wilaya, na mkikaa mbele ya daktari semeni hivi kwa mpangilio huu: "Homa tangu mwezi wa sita. Malaria imepimwa, haipo. Mbuzi wetu wawili walitupa mimba masika, alishika kwa mikono mitupu. Tunakunywa maziwa ya mbuzi. Tunaomba afikiriwe brusela." Iandike kwenye karatasi usije ukasahau kwa wasiwasi. Daktari atataka pia kuhakikisha si kifua kikuu, kwa sababu TB ya mgongo hufanana nayo sana: jasho, kukonda, mgongo. Hilo ni muhimu kwa vile moja ya dawa za brusela, rifampisini, ni dawa ya TB pia, na haifai kutolewa kabla hilo halijaangaliwa.

Kipimo chenyewe si cha ajabu. Kile tunachotumia kwa mifugo, na binadamu pia hupimwa nacho, ni tone la majimaji ya damu na tone la antijeni ya rangi ya waridi, yaani brusela waliouawa na kutiwa rangi, juu ya kibao cheupe. Unachanganya, unakitikisa taratibu kwa dakika 4 huku unakitazama kwenye mwanga. Kama mwili umeshapambana na brusela, ile rangi laini inaanza kukatikakatika, unaona chembechembe zimeganda pembeni. Nimekitikisa kibao hicho miaka mingi, na bado kila chembe zikianza kuonekana moyo unanishtuka, kwa sababu najua nyuma ya mbuzi huyo kuna familia. Lakini kipimo hiki peke yake hakitoshi kumhukumu mtu. Vile vya haraka vya zahanati navyo hukosea mara nyingi, vinasema ndiyo pasipo na ugonjwa. Hospitali watapima kiwango cha kinga kwa njia nyingine au kuotesha damu, yaani kuwakuza bakteria waliomo kwenye damu mpaka waonekane. Wakiotesha, maabara waambiwe kuwa brusela inashukiwa, maana bakteria hawa huambukiza wahudumu wa maabara kwa urahisi na huota polepole.

Ikithibitika, tiba ni dawa mbili kwa pamoja, si moja, na si chini ya wiki 6. Ikiwa mgongo umeguswa huongezwa hadi miezi mitatu au zaidi. Ni dawa zenye kuingia ndani ya zile chembe. Baada ya wiki ya pili homa itakuwa imekwisha na mumeo atajiona mzima, na korosho zitakuwa zinamwita. Hapo ndipo wengi huacha, na ugonjwa hurudi ndani ya miezi michache. Mhesabie wewe vidonge. Dawa hizo msinunue wenyewe dukani. Mjamzito na mtoto mdogo wana dawa zao tofauti, kwa hiyo kama Zuhura au wadogo zake wana homa za kurudirudi, wapelekwe pamoja na baba. Kulala naye chumba kimoja hakuna shida, kuhama kutoka mtu kwenda mtu ni nadra sana.

Tuje bandani. Kutupa mimba kuna sababu nyingi, hata sotoka ya mbuzi, ile iliyotusumbua Newala na Tandahimba miaka ya 2009 na 2010, hutupisha. Kwa hiyo msichinje kundi zima kwa hofu. Mwiteni afisa mifugo wa kata achukue damu, ipelekwe maabara ya mifugo Mtwara. Atakayekutwa na brusela hatibiwi, huondolewa, na huyo ndiye naomba asipelekwe mnadani kwa mtu wa kufuga. Najua mbuzi ndiye ada ya shule, sisemi hili kwa wepesi. Lakini ukimuuza unampelekea mwenzio homa ya mumeo. Mchinjaji naye ajue, avae glavu, na kiwele, kizazi na tezi vizikwe. Nyama iliyoiva vizuri haina tatizo.

Na mbuzi mwingine akitupa mimba, hakuna kushika kwa mkono mtupu. Sisi wa huku vidole vimejaa michubuko ya utomvu wa maganda ya korosho, kila mchubuko ni mlango. Kama glavu hakuna, vaa mifuko miwili ya plastiki kila mkono, ifunge kwa kamba juu ya kiwiko, na funga kitambaa puani. Chimba shimo la kina cha kutosha mbwa asifukue, fukia kitoto, kondo la nyuma na udongo uliolowa, mwaga chokaa juu. Mbwa akila kondo naye anaugua na anausambaza uani. Mwagia mahali pale maji yenye jiki. Mjamzito asikaribie kabisa.

Daktari, mjomba wangu alilima mpunga bondeni akapata homa kali, macho mekundu, misuli ya miguu inauma. Hospitali walisema ni homa ya mgunda, akatibiwa akapona. Miezi mitatu sasa imepita, jicho moja limekuwa jekundu tena, mwanga unamuumiza na anaona ukungu. Je, wadudu bado wamo?
*Kijana, Ruangwa*

Mpeleke kliniki ya macho kesho, usingoje gazeti likujibu vizuri zaidi ya hapa. Jicho la namna hiyo baada ya homa ya mgunda linajulikana. Ni uvimbe wa ndani ya jicho, unaweza kuja wiki au miezi baada ya homa kwisha, na ukiachwa unaharibu uwezo wa kuona. Matone ya duka la dawa hayatoshi. Mweleze daktari wa macho kwamba aliugua mgunda na lini.

Wasomaji wa mikoa mingine huenda wamesahau. Tarehe 18 Julai 2022 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza kuwa ugonjwa uliozuka Ruangwa, wagonjwa 20 na vifo 3, watu wakitokwa damu puani, ulikuwa homa ya mgunda. Kabla ya hapo kulikuwa na hofu ya Ebola. Bakteria wake huitwa leptospira.

Tofauti yake na brusela ya Mama Zuhura ni hii: makao ya kudumu ya leptospira ni figo za panya. Panya hasumbuki kabisa, anawakojoa maisha yake yote. Ng'ombe, nguruwe na mbwa nao huwatoa kwenye mkojo. Wakifika kwenye tope na maji yaliyotuama wanaishi wiki kadhaa, wakisubiri mguu uliopasuka. Kwa binadamu, mwili wenye kinga nzuri huwafukuza kwenye damu ndani ya siku chache, ingawa wanaweza kuendelea kutoka kwenye mkojo kwa wiki kadhaa. Jicho ni mahali ambapo kinga haifiki kirahisi, na kinga yenyewe ikifika huleta uvimbe. Kwa hiyo mjomba huenda hana ugonjwa uleule tena, ana kovu lake linalowaka, na linatibika likiwahiwa.

Naye asirudi bondeni peku. Buti za mpira ni bei, najua, lakini kwa mtu aliyewahi kuugua hivi ningeuza hata debe la mbaazi nizinunue. Na mtungi wa maji ya kunywa ufunikwe usiku, mahindi yasilale chumba kimoja na watu.

Binti yetu ana miaka 19, vali ya moyo imeharibika tangu utotoni, anahudhuria kliniki Dar es Salaam. Tumepata fedha kidogo, tunataka kumnunulia mbuzi wa maziwa watatu apate shughuli isiyo nzito. Unatushauri aanze na mbegu gani?
*Baba mzazi, Newala*

Mzee wangu, shikamoo. Umeniuliza mbegu, na mimi nitakujibu jambo ambalo hukuuliza. Kwa binti mwenye vali iliyoharibika, mimi nisingenunua mbuzi.

Kuna bakteria anaitwa Coxiella burnetii, ugonjwa wake huitwa homa ya Q. Anakaa kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe, na kama brusela hujaa kwenye kondo la nyuma. Ila huyu anavumilia ukavu. Majimaji yakikauka anageuka vumbi, vumbi linapeperuka na mtu anavuta kwa pumzi bila kumgusa mbuzi. Uholanzi, nchi yenye mabanda ya kisasa, kati ya 2007 na 2010 iliona wagonjwa wapatao 4,000 kutoka kwenye mbuzi wa maziwa, ikaishia kuua mbuzi zaidi ya 50,000. Wala si wa Ulaya tu. Katika wale wagonjwa wa Moshi niliowataja, 24 walipatikana na homa hii.

Mtu mwenye moyo mzima mara nyingi huugua kama mafua makali akapona. Mwenye vali mbovu yuko kwenye hatari tofauti kabisa: bakteria hujishikiza kwenye vali na kukaa miezi hata miaka, homa ndogondogo, uchovu, kukonda, mpaka moyo unashindwa. Tiba yake ni dawa mbili kwa muda usiopungua miezi 18. Kwa binti wa miaka 19 sitaki ajaribiwe hivyo kwa ajili ya lita mbili za maziwa.

Fedha hiyo itamfaa kwenye cherehani, au mtaji wa duka la rejareja. Kama mbuzi tayari wapo nyumbani, yeye asisaidie kuzalisha, asifagie banda, na banda liwe mbali na upande ambao upepo unatoka kuelekea anapolala. Na safari ijayo ya kliniki amwambie daktari wake wa moyo kwamba kwenu mnafuga, ili siku akipata homa isiyoeleweka wajue pa kuanzia.

Nauza mtindi Mikindani. Wateja wanadai maziwa yakichemshwa mtindi haunogi. Uchachu si unaua wadudu?
*Muuza mtindi*

Hauui kwa uhakika, mama. Brusela wanaweza kuvumilia uchachu kwa siku kadhaa, na mtindi wako unanyweka kesho yake. Chemsha maziwa mpaka yaumuke, epua, yaache yapoe mpaka kidole kinavumilia, ndipo utie kijiko cha mtindi wa jana uliotokana na maziwa yaliyochemshwa. Funika, usitikise mpaka asubuhi. Utaganda mzito kuliko wa maziwa mabichi na hautajitenga maji haraka. Mteja mmoja mgumu mwonjeshe bure kabla hujamwambia ulivyoutengeneza. Na chombo cha kukamulia kisiwe kile cha kugandishia, hata ukikiosha.